Wakuu naombeni ushauri: mwandishi mzuri wa hadithi anapimwa kwa kitu gani? Nimekwama na siku zinaisha

kalamu ya mkaa (mleta mada)

Wakuu habari za usiku, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Nina miaka 28, naishi Morogoro mjini, mchana nauza duka la vifaa vya ujenzi la mtu, usiku naandika hadithi. Nilianza 2017 na sasa nina grupu la WhatsApp la watu 212 wanaolipia, elfu mbili hadithi nzima, natupia sehemu moja kila siku saa tatu usiku. Nikichelewa dakika kumi tu simu haishikiki, watu wanalia arosto, kuna dada mmoja wa Njombe aliwahi kunirushia bando ili nisiwe na kisingizio cha kutotuma. Kwa hiyo kichwani kwangu nilishajijua mimi ni mwandishi.

Mwaka huu nikachukua hadithi iliyopendwa kuliko zote nikaipanga ikawa kitabu, kurasa 184, nikapeleka kwa mchapishaji mmoja, jina naliacha. Kikakaa kwao miezi minne. Mhariri akanijibu kwamba nina uwezo wa kumfanya mtu afungue ukurasa unaofuata, ila watu wangu hawapumui. Ndivyo alivyoandika, hawapumui. Akasema kati ya sura 22 angebakiza moja tu.

Wiki ya pili hii silali vizuri. Watu 212 wananiita mkali, mtu mmoja msomi anasema nimeandika maiti. Nani mkweli hapo? Mwandishi mzuri wa hadithi za kubuni ni yupi hasa, anayependwa, anayejua lugha, mwenye kisa kikali, au kuna kitu mimi sikioni? Nipeni ukweli, na ikiwezekana kabla ya tarehe 14 maana kuna jambo natakiwa kuamua.

dereva wa Tunduma

Mkuu mimi ni mtu wa malori, mhariri wako hajawahi kukaa foleni ya Tunduma siku tatu unasubiri kuvuka. Pale ndio utajua mwandishi mzuri ni nani. Ni yule anayekufanya usahau kwamba umekaa kwenye kabini inanuka soksi na jua linapiga kioo. Miaka ile nikiwa utingo tulikuwa na vile vitabu vidogo vya upelelezi, kimoja kinasomwa na watu kumi mpaka jalada linatoka, tena mwenzako akikutangulia unamkataza asikwambie mwisho. Kuna kimoja kilikuwa hakina kurasa za mwisho, kilichanwa, nilikitafuta mwisho wake kuanzia Mbeya mpaka Dar miaka miwili nzima. Nilipokuja kuupata nilishaanza kazi ya kuendesha mwenyewe. Kwangu huyo ndio mwandishi, mengine mtajuana wenye vyeti.

mwl. mstaafu

Kijana, marahaba. Nimefundisha fasihi miaka 31, nyingi Tabora. Nikwambie, mwandishi mzuri kwanza lugha. Vijana wa siku hizi hamtofautishi "hadi" na "had", mnaandika "xaxa" halafu mnataka mhariri awapigie makofi. Pili awe na jambo la kuiambia jamii. Hadithi isiyo na jambo ni kama mgeni aliyekuja, akala, akaondoka bila kusema alichojia.

Ila na mimi nina swali. Hiyo sura moja aliyoisifu inahusu nini? Mbona umeiruka?

Kijana wa Steshenari

Achana na wahariri bro, chapisha mwenyewe. Utaratibu ni mwepesi, ISBN, ile namba ya kitabu, unaombea Bodi ya Huduma za Maktaba, kazi yako unaisajili COSOTA, watu wa hakimiliki, ili mtu akikuibia uwe na pa kuanzia. Saizi chagua A5, ndani karatasi gramu 80, usikubali gramu 60 maandishi yanaonekana upande wa pili. Na kitu kimoja nakuomba sana, USITUME PDF kwenye grupu hata kwa mtu mmoja unayemuamini. Usiku mmoja tu kitabu kinakuwa mpaka Kigoma.

kalamu ya mkaa

Mwalimu shikamoo. Sura yenyewe ni ya 7, inamhusu dada wa kazi kwenye nyumba ya yule tajiri, ni mhusika mdogo tu, sikuona umuhimu wa kuieleza.

Steshenari asante, hayo nimeshayapitia. Kuchapa kwenyewe nimeshaongea na mtu.

Mama Nadra

Ngoja kwanza. "Nimeshaongea na mtu" maana yake nini? Na tarehe 14 kuna nini? Wewe umekuja kuomba ushauri au umekuja kutuaga?

kalamu ya mkaa

Dada usikasirike. Nimelipa nusu. Nakala 500 kwa 4,200 kila moja, jumla 2,100,000, nimetanguliza 1,050,000, akiba yangu ya miaka miwili. Tarehe 14 natakiwa nipeleke faili la mwisho, likishaingia mashine hakuna kurudi. Ila swali langu bado ni lile lile wakuu, sio la hela.

Atieno wa Kakamega

Sasa mimi nitaongea kama msomaji tu, Mkenya. Sisi shuleni tulisomeshwa riwaya kama maiti ya kupasuliwa, dhamira iko wapi, taja mbinu sita za lugha, eleza uhusika wa fulani kwa hoja kumi. Nilikuwa nazichukia zote. Halafu likizo moja nikapata kitabu kwa shosho wangu, hakikuwa cha mtihani, nikakisomea jikoni mpaka nikaunguza githeri. Nilichokumbuka hapo si ploti. Nilikumbuka vile mama mmoja mle ndani alikuwa akihesabu pesa akiwa ameipa mlango mgongo. Miaka kumi na tano sasa na bado namuona huyo mama akiinamia hizo pesa. Hebu weka hapa ukurasa mmoja wa hiyo sura ya 7, na mwingine kutoka zile zimekataliwa. Bila kusoma tutakuwa tunapiga porojo.

Fundi Cherehani

Nakazia. Mteja akiniambia gauni halimkai vizuri simshauri kwa simu, nasema alete tuone.

kalamu ya mkaa

Sawa. Hii ni sura ya 1:

*Brayan alishuka kwenye Range Rover nyeusi ya kisasa huku akinukia manukato ya bei mbaya. Alikuwa kijana mtanashati, mrefu wa wastani, mwenye sura iliyomfanya kila msichana wa Masaki atamani kuwa naye. Mbele yake alisimama Jackline, mrembo wa haja, maji ya kunde, umbo namba nane, macho ya kusinzia. Mapigo ya moyo ya Brayan yakaenda mbio kama saa mbovu.*

Na hii ni sura ya 7:

*Rukia aliamka jogoo hajawika. Alikunja khanga ya mama yake katikati, akaizungusha kifuani mara tatu, akavuta mpaka pumzi ikamkata, fundo akalifunga mgongoni kwa kuwa la mbele lingeonekana chini ya blauzi. Mtoto aliguna kitandani. Hakumtazama. Alichukua kikombe cha plastiki akatoka nyuma ya nyumba, akakamua ya mwisho, akayamwaga kwenye shina la mgomba. Aliporudi alimkuta mdogo wake amesimama mlangoni ameshika begi. Akamwambia, "Akilia mpe uji, usimpe maji matupu." Stendi alilia mpaka konda akamuonea huruma.*

dereva wa Tunduma

Duh.

Mama Nadra

Nimesoma ya pili nikaweka simu chini. Jamani ile khanga. Mwanamke aliyewahi kumwachisha mtoto kabla ya wakati anajua ile khanga inavyouma, na joto lake, na unavyoombea usikutane na mtu wa kukukumbatia.

Halafu niwaambie waandishi wa kiume, wanawake wenu wote wana umbo namba nane na macho ya kusinzia. Jackline ana kazi gani? Anakula nini? Nani kamkera wiki hii? Humjui, ndio maana umempamba. Rukia hujasema hata kama ni mzuri wa sura na mimi namuona mpaka visigino.

mwl. mstaafu

Mhariri wako anajua kazi yake. Na mimi narudisha nusu ya maneno yangu ya mwanzo. Lugha ya sura ya kwanza haina kosa hata moja la sarufi na bado haina mtu ndani. Sentensi ya "Hakumtazama" ina neno moja tu, ila mwandishi asiyemfahamu huyo binti angejaza pale nusu ukurasa wa uchungu.

Zamani kulikuwa na mpelelezi wa kubuni, Bwana Msa, wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Wanafunzi wangu walikuwa wanasahau nani kaua nani, ila kiko chake walikikumbuka wote. Uwezo huo sijawahi kujua unafundishwa vipi, na nimejaribu.

Fundi Cherehani

Mimi naomba niseme kitu msinipige mawe. Ile sentensi ya mwisho ya stendi siiamini. Kote huko binti anafanya kazi kwa mikono, kafunga, kakamua, kamwaga, kaagiza uji, halafu ghafla konda anamuonea huruma? Hapo umerudi kwenye mambo ya grupu. Kama nguo imekaa vizuri mwili mzima halafu mkono mmoja umeshonwa na mtu mwingine.

kalamu ya mkaa

Fundi hapo sikubaliani na wewe. Mama anaacha mtoto wa miezi minne lazima alie. Hata msomaji anasubiri alie, asipolia watasema ana roho mbaya.

Fundi Cherehani

Wewe ulimuona analia?

kalamu ya mkaa

Sikufika stendi. Niliishia njia panda na begi.

Atieno wa Kakamega

Weeee. "Niliishia njia panda"??

Mama Nadra

Mdogo wake aliyeshika begi ni wewe.

kalamu ya mkaa

Sikutaka kulisema hili kwa sababu nilijua mtaacha swali mtaanza mengine. Ndiyo. Ni dada yangu wa damu. Ilikuwa 2009, alikuwa kidato cha pili akapata mimba, na enzi zile mnajua, ukionekana na mimba shule ndio imeisha hapo hapo. Alijifungua, akakaa miezi minne, akatafutiwa kazi za ndani Dar. Mimi nilikuwa darasa la tano. Sehemu nyingine alinisimulia mwenyewe miaka minne iliyopita, usiku baada ya kumzika baba, tumekaa jikoni wawili tu.

Lakini majina nimebadilisha. Kijiji nimekitoa. Nimemfanya awe mtu wa bara wakati sisi ni wa mkoa wa Tanga. Na ni sura moja kati ya 22. Hakuna atakayejua. Kila mwandishi anachukua kutoka kwa watu wake, sio mimi wa kwanza. Yeye mwenyewe hasomagi vitabu, ana genge lake Mbagala, anarudi usiku kachoka.

Mtumishi Elia

Kijana umeivua nguo familia yako kwa ajili ya elfu mbili za WhatsApp. Aibu ya ndugu hufichwa. Muombe Mungu msamaha kwanza halafu ndio uje na maswali ya uandishi, na hao mnaomsifia hapa mnampoteza.

mwl. mstaafu

Mtumishi, taratibu. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 kilizuiwa mashuleni kwa hoja kama hizo hizo, kwamba kinaanika mambo ya wasichana wetu. Baadaye kikaingia madarasani na mimi mwenyewe nikakifundisha. Wapo mabinti waliokuwa wakibaki darasani baada ya kipindi, hawaongei, wanajifanya wanafuta ubao. Mwandishi anayeogopa aibu ya watu atatuandikia Brayan na Range Rover mpaka afe. Mimi nasema chapisha.

Mama Nadra

Mwalimu nakuheshimu lakini hapana. Rosa alikuwa wa kubuni. Huyu yuko Mbagala anapanga nyanya mafungu.

Kalamu ya mkaa, nijibu kitu kimoja. Huyo mtoto yuko wapi?

*(siku mbili bila jibu)*

dereva wa Tunduma

Mleta mada kaingia mitini. Nimefika Nakonde natafuta mtandao kwa ajili ya huu uzi tu, sio vizuri hivyo.

kalamu ya mkaa

Nipo. Nilikuwa nasoma tu.

Mtoto yuko kijijini kwa mama. Yuko kidato cha tatu sasa. Anamwita mama yangu "mama" na dada yangu anamwita "dada", ndivyo alivyokuzwa, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa hivyo. Hajui. Majirani wachache wazee wanajua ila hawasemi. Anapenda sana kusoma, ndio mtu pekee ukoo mzima anayesoma hadithi zangu, nilimuingiza kwenye grupu bure.

Sura ya 7 haikuwepo kwenye grupu, niliiongeza wakati napanga kitabu. Kwa hiyo hajaiona bado. Na mle ndani kuna kovu la moto nyuma ya sikio la mtoto, nililiandika bila kufikiria. Analo.

Msianze kunihukumu. Nimejaribu kuitoa sura. Nikiitoa nabaki na kitabu cha maiti, nimelipa milioni kuchapa maiti. Nikiiacha ndio kitu pekee kizuri nilichowahi kuandika maishani. Nilikuwa nimeshaamua naiacha, nafuta kovu tu, basi. Ndio maana niliuliza mwandishi mzuri ni nani. Nilitaka mtu aniambie kwamba mwandishi mzuri ni yule anayeiacha.

kipimajoto

Wakuu samahani nawaharibia. Hii ni chai, stori ya kutunga. Na imekolea majani.

Nimefuatilia toka juu. Posti ya kwanza kitabu ni ile hadithi iliyopendwa na watu 212, sasa sura yenyewe haikuwepo. Posti ya kwanza ni hadithi ya kubuni, sasa ni dada wa damu. Angalieni anavyowapa, kila mkianza kupoa anadondosha kipande: hela, halafu begi, halafu dada, halafu mtoto, halafu kovu. Siku mbili kimya katikati ili mpate arosto! Huyu ni mtu wa hadithi za sehemu sehemu, anajua kukata pale pale. Na mtu gani mwenye siri ya miaka yote hiyo anaileta mtandaoni ambako huyo mtoto mpenda kusoma anaweza kuiona? Mmegeuzwa grupu la majaribio. Sehemu ya 8 inakuja, andaeni elfu mbili.

Kijana wa Steshenari

Daah mkuu umeniamsha. Na mimi nilishampigia hesabu za usafiri wa nakala.

Mtumishi Elia

Nilijua. Uongo una miguu mifupi.

Bi Mkunazini, Muscat

Mie nilikuwa nasoma tu, leo naandika. Kwani ikiwa ni chai, si keshajibu suali lake mwenyewe? Mmelia kwa mtu asiyekuwepo. Mwandishi hutafuta nini zaidi ya hicho?

Sisi Unguja tulifurahi sana Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel 2021. Mtu katoka kwao kijana, kaishi Uingereza miaka mingi, na akiandika nyumba za pwani utadhani kafungua kabati la bibi yako. Mie nilimsoma kwa Kiingereza, kisha ikaja tafsiri ya Kiswahili, Peponi, 2022, nikamsoma upya, nikasikia sauti za watu waliokufa. Sikuuliza huyu katika kitabu ni nani wa ukoo gani. Nilijua tu kuwa namjua. Kwa hiyo hilo la ukweli na uongo mie halinishughulishi kitu.

Mama Nadra

Bibi shikamoo, lakini mimi linanishughulisha. Kama huyu kijana anadanganya basi amechukua machozi yangu bila ruhusa, na sitamsamehe.

Mimi ndio yule mtoto. Nilikuwa sijapanga kusema humu. Nilimwita mama yangu mzazi "anti" mpaka nina miaka 19. Nilijua msibani, kwa jirani, tunaosha vyombo, akasema "anti yako ndiye aliyekuzaa, hukuambiwa?" kama vile ananipa sabuni. Niliosha sahani ile ile nadhani nusu saa. Mama alikuwa ndani amekaa na wafiwa, sikuweza kuingia wala kuondoka. Mpaka leo sijaona ubaya wa wao kunificha, walikuwa na sababu zao. Kilichonichoma ni kwamba jirani alikuwa nayo hiyo habari kabla yangu, akaitumia kupiga soga.

Kalamu ya mkaa, ukichapa, wewe ndiye jirani mwenye sabuni. Hata uandike vizuri kiasi gani. Na kovu hata ukilifuta, mtoto anayesoma atajijua kwa lile begi, maana atajiuliza wewe ulijuaje hilo begi.

kipimajoto

Dada pole. Sikujua. Yako naiamini. Yake bado.

kalamu ya mkaa

Kipimajoto, kuhusu kujipinga kwangu na posti ya mwanzoni, hadithi ya grupu na kitabu ni ile ile, Brayan na Jackline, sura ya 7 ndio niliongeza. Nilisema ya kubuni kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimejiambia mwenyewe. Kuhusu kukata vipande, sikukata, nilikuwa nashindwa. Mtoto hana simu ya kwake, anasoma hadithi kwenye simu ya mama Jumamosi na Jumapili, humu haingii. Siwezi kuthibitisha zaidi ya hapo na sitaweka picha ya mtu.

Mama Nadra nimesoma posti yako mara nyingi. Leo dukani nimempimia mteja nondo za milimita 12 badala ya 10.

Atieno wa Kakamega

Mimi sijui kama ni ukweli na nimeamua siulizi tena. Lakini umesema kitu hapo juu nadhani hukujisikia. Ulisema dada yako hasomi vitabu. Ulimwuliza lini? Ama uliamua tu, vile uliamua lazima alilia stendi?

Fundi Cherehani

Hapo ndipo. Kaka, msomee. Kwa simu, kwa sauti, kama ilivyo, na hiyo sentensi ya konda usiitoe. Halafu unyamaze umsikilize.

dereva wa Tunduma

Na mchapaji mpigie umwambie faili limechelewa, hawa watu wa mashine hawana haraka kama wanavyojifanya, wao wana oda za kampeni na kalenda. Mimi mzigo wangu ulishawahi kukaa wiki tatu na dunia haikuisha.

*(baada ya siku tatu)*

kalamu ya mkaa

Wakuu mrejesho, naandika haraka nafungua duka.

Mchapaji kasema hela hairudi ila kazi naweza kubadilisha, kanipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, baada ya hapo tunaongea upya bei ya karatasi.

Dada nilimpigia juzi saa tatu usiku, muda ambao kwa kawaida natupia sehemu kwenye grupu. Sikutupia. Nilimwambia nimeandika kitu kinakuhusu, nikusomee. Akasema subiri nikae. Nikasikia anavuta ndoo. Nikasoma sura yote, dakika kama kumi na tano, sauti yangu ilikuwa inakatika. Hakusema chochote katikati, nikadhani simu imekata nikawa naita "dada?", anasema "soma".

Nilipomaliza akakaa kimya, halafu akaanza kunisahihisha. Khanga haikuwa ya mama, ilikuwa ya bibi, mama hakuwa anajua kama ameamua kuondoka siku ile. Mgomba ni kweli. Uji ni kweli, ila akasema mimi nilimpa mtoto maji matupu siku hiyo hiyo, yeye alikuja kuambiwa baadaye, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Halafu akasema, "Stendi sikulia. Stendi nilikuwa nahesabu nauli, ilikuwa imepungua mia tano, namwangalia konda kama ataniteremsha. Nililia Chalinze."

Kuhusu kitabu hakukataa. Alisema kisubiri. Anataka amwambie mtoto mwenyewe, kwa mdomo wake, ila sio sasa, amalize kwanza mtihani wa kidato cha nne. Hiyo ni zaidi ya mwaka. Nilimwambia nimelipa milioni. Akasema "pole", kama anavyomwambia mteja ambaye hana chenji. Wakuu niliumia, sitaki kuwadanganya, bado naumia, kuna muda jana usiku nilifungua faili nikasema naituma iwe itakavyokuwa. Sijaituma.

Fundi ulikuwa sahihi kuhusu ile sentensi na nilikubishia. Aliposema Chalinze niliandika mkononi kwa kalamu maana daftari lilikuwa chumbani na niliogopa nikiamka nitalisahau neno.

Mama Nadra

Asante kwa kumpigia. Mpe salamu, mwambie kuna mtu hamjui anamsalimu.

Kijana wa Steshenari

Mwaka sio mwingi bro. Ila sura nyingine 21 hizo sasa ndio uanze nazo, Brayan ashuke kwenye gari aende dukani akanunue sukari tumuone.

kipimajoto

Sawa. Kwa nini Chalinze?

kalamu ya mkaa

Sijamuuliza. Jumapili hafungui genge mpaka mchana, nitampigia asubuhi.